Kihisi kinasoma 3.1, kidole 5.9: nimwamshe mama au nimwache alale?

"Assalaam aleikum. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mamangu ana miaka 67, ana kisukari na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Kakangu aliyeko Maskati alimletea vihisi viwili vya kupima sukari, vya kubandika mkononi, vile vya siku 14. Mzigo ulipitia Mombasa, ukaja na basi hadi Mokowe, gati ya bara. Cha kwanza tulimbandika mkono wa kulia, Jumapili alasiri. Usiku ule ule saa nane simu ikalia: sukari 3.1 (milimoli kwa lita), iko chini. Tukamwamsha, tukamlisha vijiko vikubwa vinne vya asali na kipande cha halua, kisha ndipo tukakumbuka kumpima kidole: 5.9. Alfajiri akawa 15. Usiku wa pili simu ikasema 3.3. Safari hii tulianza na kidole: 6.2. Mchana namba hukaribiana, ila haziwi sawa hata siku moja. Jirani anasema kihisi kimeungua na joto njiani. Mwengine anasema stripu zetu, vile vijikaratasi vya kupimia damu ya kidole, ndizo mbovu, tuziweke kwenye friji. Je, kuna njia ya kukifanya kihisi kitulie, kitoe namba ya kuaminika? Na cha pili tukihifadhi vipi?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Mfikishie bi mkubwa salamu zangu.

Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naona umeuliza maswali mawili. La wazi ni la kifaa: kimeharibika au la? La pili hukuliandika, lakini ndilo linalokunyima usingizi: simu ikilia tena usiku wa leo, umwamshe mama au umwache? Na ukishazoea kuipuuza, itakuwaje siku sukari itakaposhuka kweli? Yote mawili nitayajibu. Ila nikuambie mapema ninavyoona kwa hayo uliyonieleza: sidhani kihisi chako kimeharibika. Nadhani bi mkubwa anakilalia. Tena kilikuwa bado kichanga, na mambo hayo mawili yakakutana usiku mmoja.

Kwanza tuelewane kihisi kinafanya nini, maana ushauri wa majirani zako wote wawili unatokana na kutolijua hilo. Ndani ya kile kibandiko kuna uzi mfupi mwembamba ulioingia chini ya ngozi kiasi cha nusu sentimita. Uzi huo ndio elektrodi. Umepakwa kimeng'enya, yaani protini yenye kazi moja tu: kuishika glukosi, ndiyo sukari ya damu, na kuinyang'anya elektroni mbili, yaani chembe za umeme. Elektroni hizo zikifika kwenye elektrodi zinakuwa mkondo wa umeme, mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu za bilioni za ampea. Kifaa kinaugeuza mkondo huo kuwa namba unayoiona kwenye simu. Stripu ya kidole nayo ni elektrodi vilevile, ila yake ni ya kutumika mara moja na kutupwa.

Kwa hiyo sukari yenyewe kifaa hakiioni. Kinahesabu kazi ya kimeng'enya, kisha kinakisia sukari.

Fikiria gati pale Lamu, dau limekuja na boriti. Wewe ni karani, umefungiwa kibandani, dau hulioni. Unachokiona ni mlango mmoja na mahamali wanaopita, kila mmoja na boriti begani. Kwa idadi ya wanaopita kila dakika unakisia dau lina shehena kiasi gani. Boriti ndiyo glukosi, mahamali ndio kimeng'enya, mlango ni utando laini unaoifunika elektrodi, na karani ni elektrodi yenyewe. Sasa tazama unavyoweza kudanganyika. Nusu ya mahamali wakiugua, utaandika shehena ndogo ingawa dau limejaa. Mlango ukizibwa na mwani, hivyo hivyo. Mpita njia akikatiza na mzigo wake mwenyewe nawe ukamhesabu, utaandika zaidi. Na dau likizuiwa lisifike gatini, utaandika kwamba boriti zimekwisha mjini, na kumbe zimejaa tele baharini.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kwa mama yako. Uzi wa kihisi haumo ndani ya mshipa wa damu. Umo katika majimaji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi, na sukari hufika hapo kwa kuvuja kutoka mishipa midogo iliyo jirani. Mtu akiulalia mkono, uzito wa mwili unaibana ile mishipa. Sukari mpya haiji, na seli zilizopo hapo zinaendelea kula iliyobaki. Namba inaporomoka. Wala kihisi hakikosei kuhusu kile kijisehemu kilichobanwa. Kosa ni sisi kudhani kijisehemu hicho ndicho mwili mzima. Wengi wetu tumelelewa kulalia ubavu wa kulia, ndiyo sunna, na wewe umembandika mkono wa kulia. Kakako hakulifikiria hilo, na karatasi iliyomo ndani ya boksi haiwezi kujua bi mkubwa analala vipi.

Huna haja ya kunitegemea mimi kwa maneno tu. Fungua grafu ya usiku wa pili. Sukari inayoshuka kweli kwa insulini huteremka kama mtu anayeshuka ngazi, kwa nusu saa, kwa saa nzima. Ya kulaliwa huanguka ghafla kama kingo ya ukuta, kisha mtu akigeuka hupanda upesi na kurudi karibu na ilipokuwa, hata kama hakula chochote. Ukiona umbo hilo, na ukiona kwamba mstari ulianza kunyanyuka mara tu mlipomwamsha akakaa, basi umepata jibu lako.

Sikuuchagua usiku wa pili bure. Usiku wa kwanza siuhesabu kuwa ushahidi. Mlimlisha asali kwanza, kisha mkapima kidole, na asali hunata. Tone lisiloonekana likiwa kwenye ncha ya kidole linatosha kuipandisha namba. Nimewahi kuliona hili Malindi, msimu wa maembe, asubuhi moja. Mzee mmoja alikaa kwenye benchi, kidole kikasoma 19.4, na daktari kijana alikuwa tayari ameshika kalamu aongeze dozi. Nikamwomba mzee anipe mkono wake niunuse. Ulikuwa unanukia ngowe, alikuwa amemenya mbili njiani. Akanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, akajikausha, tukatoboa kidole kile kile: 7.1. Dozi ile ingeongezwa, sijui mchana ule ungeishaje. Spiriti peke yake haiondoi sukari vizuri, tena ikiwa haijakauka inachanganyika na tone la damu. Maji na sabuni, kisha kukausha, ndiyo kinga ya kwanza ya elektrodi yoyote, na haigharimu kitu.

Sasa uchanga wa kihisi. Siku ya kwanza pale chini ya ngozi ni kidonda. Sindano imepita, damu kidogo imevuja, chembe za kinga zimekimbilia hapo, nazo zinakula sukari. Uzi wenyewe unaanza kulowa, na mkondo wake wa umeme haujakaa sawa. Kifaa kitakuambia kiko tayari baada ya saa moja, lakini kuwa tayari si sawa na kutulia. Utulivu mzuri huja baada ya siku nzima hivi. Baadhi ya wagonjwa hubandika kihisi kipya saa 12 hadi 24 kabla ya kukiwasha, ili kidonda kipoe huku cha zamani kikiendelea kusoma. Watengenezaji hawaelekezi hivyo, nami kwa mama yako siipendi: mna vihisi viwili tu, na kimoja kikibanduka kabla ya kuwashwa mmekipoteza bila kukitumia. Lililo rahisi zaidi ni kubandika asubuhi, baada ya chai, si alasiri. Saa zile za vurugu zitapita mchana, mama yuko macho na wewe uko karibu.

Watu waliobuni vifaa hivi wamepambana na utulivu kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani ndio walioandika wazo la kukifungia kimeng'enya hiki juu ya elektrodi ya kupimia oksijeni. Tabu ilianzia hapo hapo, kwani kimeng'enya kinahitaji wa kuzipokea zile elektroni, na mpokeaji wake wa asili ni oksijeni. Chini ya ngozi oksijeni ni haba kuliko glukosi, haba sana. Boriti ni nyingi, wapokeaji ni wachache, hesabu inakwama. Dawa ya kwanza ilikuwa kuufanya mlango uwe mwembamba: utando wa nje, mara nyingi wa plastiki iitwayo polyurethani, unaopitisha glukosi kidogo kidogo ili oksijeni iliyopo itoshe. Dawa ya pili ilikuwa kuiacha oksijeni kabisa. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba kemikali yenye chuma iitwayo ferosini inaweza kuzibeba elektroni badala yake, na mwaka 1987 ikatoka mashine ya kidole yenye ukubwa wa kalamu iliyofuata njia hiyo. Ukoo wa mashine mlizonazo nyumbani unatoka huko.

Kimeng'enya nacho hufungwa kisiteleze: hushonwa kwa kemikali, molekuli kwa molekuli, au hufumbatwa ndani ya plastiki laini. Vingine huongezewa utando wenye chaji hasi unaosukuma mbali vitamini C na asidi ya uriki, ambazo nazo zina chaji hasi. Hao ndio wale wapita njia niliokutajia. Bado lipo moja ambalo hakuna aliyelishinda sawasawa, nalo ni mwili wenyewe. Ukiingizwa kitu kigeni, mwili hukipaka protini zake tangu saa za mwanzo, kisha huanza kukijengea ukuta wa kovu. Mwani unazidi kuota mlangoni. Ndiyo sababu vihisi vya aina hii hupewa siku 10, 14 au 15 tu, na ndiyo sababu siku mbili tatu za mwisho namba zinaweza kuanza kuyumba tena.

Kwa hiyo elektrodi yenyewe huwezi kuituliza, wala mimi siwezi. Kilicho mikononi mwako ni mazingira yake, na hayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na joto, kwa kuwa jirani hakusema upuuzi. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika kwa joto kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Boksi lililokaa nyuma ya basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, kisha likasubiri boti juani, linaweza kuwa limepata joto kuliko lile lililoandikwa pembeni mwake. Lakini tazama dalili. Kimeng'enya kilichoungua hakichagui usiku wala mchana, kitasoma chini saa zote, au kifaa kitakataa kuanza. Chako kinakaribiana na kidole mchana. Ndiyo maana joto silishuku kwa hiki. Kwa mzigo ujao, mwambie kakako aupe mtu anayesafiri, aubebe kwenye mkoba wake wa mkononi, si chini kwenye buti la basi.

Friji sasa. Tafadhali stripu msiziweke kwenye friji. Gilasi ya maji baridi ukiitoa hapo Langoni mchana, unajua inavyotoka jasho. Chupa ya stripu iliyotoka kwenye baridi, ukiifungua tu, hewa yenye unyevu inaingia na kugeuka maji juu ya stripu, na zile kemikali kavu zinaanza kulowa kabla damu haijafika. Unyevu ndio adui mkubwa wa stripu huku pwani, kuliko hata joto. Kile kidude ndani ya chupa au kwenye kifuniko chake kimewekwa kunyonya unyevu, na kila dakika chupa ikikaa wazi unakichosha bure. Toa moja, funga mpaka usikie "tap", kisha ndipo umtoboe mama. Msimgawie jirani stripu tano kwenye karatasi, wala msipokee za namna hiyo. Najua ni ubahili kumwambia mtu hivyo na stripu zilivyo ghali, lakini stripu iliyolala usiku kwenye karatasi Lamu haina namba ya kuaminika.

Pa kuhifadhi mnapo. Kama nyumba yenu ni ya mawe, chumba cha ndani kisichopigwa na jua ndicho chenye ubaridi kuliko vyote. Kihisi cha pili, kikiwa ndani ya boksi lake bila kufunguliwa, kiweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, ukiweke kwenye kidaka cha ukutani, mbali na jiko na mbali na dirisha. Chombo kinachobana ni lazima kwa sababu mawe yenyewe hunyonya unyevu. Kwanza soma ile alama ya kipimajoto kwenye boksi: vihisi vingi mwisho wake ni nyuzi 25 au 30. Ikiwa ni 25, kidaka hakitoshi miezi ya Februari na Machi. Hapo kikae kwenye mlango wa friji, palipo mbali na barafu, ndani ya chombo hicho hicho, na siku ya kukitumia kiache nje bila kufunguliwa mpaka kilingane na joto la chumba. Kihisi, tofauti na chupa ya stripu, hufunguliwa mara moja tu, kwa hiyo jasho la friji halikipati. Kikiganda barafu kitupwe.

Siku ya kumbandika cha pili, chagua mkono wa kushoto, nyuma, sehemu yenye nyama. Umwambie mapema asipake mafuta ya nazi wala liwa mkono huo tangu jana yake. Gundi na mafuta havipatani, na kibandiko kinachocheza kinaufanya uzi ucheze chini ya ngozi, na uzi ukicheza mkondo unayumba. Osha kwa sabuni isiyo na mafuta, pangusa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Ukiongeza plasta juu kwa sababu ya jasho, usikizibe kile kitundu kilicho katikati kama chenu kinacho.

Halafu unisaidie kuuliza: bi mkubwa anatumia dawa gani nyingine? Parasetamoli huipandisha namba ya baadhi ya vihisi kwa uongo, hasa vya zamani. Vitamini C ya vidonge, ile ya miligramu 500 au 1,000 watu wanayoimeza kwa mafua, huzipandisha namba za vingine. Hidroksiurea, wanayopewa wengi wenye selimundu, huvuruga baadhi pia. Hatari ya haya ni kinyume cha yenu: sukari imeshuka kweli, namba inasema salama. Soma karatasi ya kihisi chenu au umwonyeshe mfamasia. Kwa upande wa stripu, upungufu mkubwa wa damu huipandisha namba, na mwili uliokaukiwa maji unaweza kuishusha. Mama akiwa na mojawapo, daktari ajue kabla hajaiamini mashine ya kidole.

Umesema namba haziwi sawa hata siku moja. Hazitakuwa, mwanangu, na usizitake ziwe. Kipimo cha kimataifa cha mashine za kidole, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu asilimia 15 juu au chini pale sukari inapofika 5.55 na kuendelea, na 0.83 juu au chini ikiwa pungufu ya hapo, na hata hivyo ni kwa vipimo 95 katika kila 100. Maana yake sukari ya kweli ikiwa 10, mashine nzima kabisa inaweza kusema 8.5 au 11.5. Kihisi kina uhuru zaidi ya huo. Ongeza na ucheleweshaji: sukari huanza kwenye damu, kisha ndipo hufika kwenye yale majimaji, dakika 5 hadi 15 baadaye. Baada ya mahamri na mbaazi, kidole kitatangulia kupanda. Saa moja baada ya insulini kukolea, kidole kitatangulia kushuka. Ukitaka kuvilinganisha, fanya hivyo kabla ya chakula, mshale wa kwenye simu ukiwa mlalo, yaani sukari haipandi wala haishuki. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 20 hivi, au ndani ya 1.1 sukari ikiwa chini, viache vyote viwili. Na kama kihisi chenu ni cha aina inayokubali kusahihishwa kwa namba ya kidole, isahihishe wakati huo wa utulivu tu. Ukiisahihisha sukari ikiwa mbioni, utakifundisha kosa na kitalirudia siku nzima.

Ucheleweshaji huo una jambo moja la hatari katika usiku ule wa kwanza. Vijiko vikubwa vinne vya asali ni karibu gramu 70 za sukari. Kwa mtu mzima ambaye sukari yake imeshuka, tunaanza na gramu 15: kijiko kikubwa kimoja cha asali, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Ukimpa hivyo kisha ukaitazama simu, dakika kumi nzima itaendelea kukuambia ameshuka, nawe kwa hofu utaongeza, na utaongeza tena. Baada ya kumpa, kinachosema kweli ni kidole, dakika 15 baadaye. Halua iacheni kwa wakati huo. Samli yake huichelewesha sukari tumboni, kisha inakuja yote alfajiri wakati haihitajiki. Ile 15 mliyoiona haikuwa ugonjwa kuzidi, ilikuwa asali na halua.

Sasa simu ikilia usiku. Ukimkuta anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaropoka, au haamki sawasawa, usipime chochote, mpe sukari ikiwa anaweza kumeza. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Ukimkuta mzima, mgeuze asilale juu ya mkono, mnawishe, mpime kidole. Kidole kikiwa chini ya 3.9, mpe gramu 15. Kikiwa juu, mwache alale na uiangalie simu tena baada ya robo saa. Stripu zikiwa zimekwisha, chukulia kwamba imeshuka na umpe gramu 15. Sukari kuwa juu kidogo mpaka asubuhi haina madhara ya kulinganishwa na kushuka bila mtu kujua. Kengele usiizime hata usiku mmoja. Jina la kosa lake unalijua sasa, nalo linarekebishika kwa mto tu.

Kuna mambo ambayo kibandiko wala maelezo yangu hayayatoshi. Kidole chenyewe kikisoma chini ya 3.9 usiku zaidi ya mara moja, au chini ya 3.0 hata mara moja, dozi yake ya jioni itazamwe na daktari wiki hiyo hiyo. Msiipunguze wala kuiongeza wenyewe kwa kufuata grafu. Akisoma juu ya 16.7 mara mbili mfululizo huku anatapika, anahema kwa nguvu au amelegea, ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Pale alipobandikwa pakivimba, pakiwa pekundu na moto au pakitoa usaha, kitolewe na aonwe. Na Ramadhani ikikaribia aende mapema akapangiwe dozi, maana anayefunga na insulini anahitaji mpango wake mwenyewe, na akishuka chini ya 3.9 afungue papo hapo.

Ukitaka kujua kwa hakika kama mashine yenu ya kidole ni nzima, mpeleke asubuhi moja hospitali ya King Fahd hapo Lamu akiwa hajala. Wakimtoa damu ya mkononi kwa maabara, mpime kidole kwa mashine yenu dakika ile ile, uiandike. Uliza kwa adabu kama damu itatiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ile yenye dawa ya kuzuia sukari isiliwe, na itapimwa lini. Damu ikikaa tu mezani, chembe zake huendelea kula sukari, na maabara itatoa namba ya chini huku mashine yenu ikionewa. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, fungua chupa mpya ya stripu urudie kabla ya kuilaumu mashine.

Hiki alichonacho msikitoe, kwani kikishatoka hakirudi. Kwa siku zake zilizobaki mwekee mto mnene upande wa kulia, alalie kushoto au chali, na mashine ya kidole, kitambaa kibichi na sukari iliyokwisha kupimwa vijiko vitatu kwenye kikombe viwe karibu na kitanda chake kabla hamjazima taa.